Nguzo za zege zaweza kuvikwa gamba, msingi je?

Kuporomoka kwa jengo la ghorofa Kariakoo, Novemba 16, 2024, kulikoua watu zaidi ya 20, kumeacha swali: ghorofa lenye nguzo dhaifu libomolewe au liimarishwe?

Ipo njia ya kuzungushia nguzo gamba la plastiki yenye nyuzi za kioo au kaboni, likashikizwa kwa gundi. Zege likielemewa hutanuka ubavuni. Gamba hulibana lisipasuke. Nguzo za mviringo hufaidika zaidi. Za pembe nne lazima kona zisuguliwe kwanza.

Kigoma imo katika eneo la Bonde la Ufa lenye matetemeko. Huko gamba lingeisaidia nguzo kuyumba bila kukatika. Lakini haliponyi msingi mbovu, na moto hulainisha gundi mapema. Anayelivika ili aongeze ghorofa bila kupima msingi anacheza na roho za wapangaji.