Leseni ya kuchimba ipo. Hela ya kufukia iko wapi?

Makamanda, kila bajeti ya Wizara ya Madini ikisomwa Dodoma tunasikia makofi. Makusanyo yamepanda, masoko ya madini yamefunguliwa, leseni ndogo zimetolewa kwa maelfu. Sawa. Mimi nina swali moja la kishamba kutoka Handeni: yale mashimo nani anafukia?

Siulizi kwa kejeli. Kuna mashimo aina mbili kwetu. Kuna maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kuna mashimo ya kifusi, mchanga na kokoto ambayo hata hatuyaiti migodi. Barabara ikijengwa, mkandarasi anachukua kifusi kwenye kilima cha jirani, anamwaga lami, anakata utepe na mheshimiwa, anaondoka. Kilima kimebaki nusu. Masika ikija, lile shimo linakuwa bwawa. Na Handeni, wilaya ambayo ndoo ya maji imekuwa ahadi ya kampeni tangu wazazi wetu hawajaoana, shimo lenye maji halikosi wageni. Ng'ombe watakuja, watoto watakuja na madumu.

Sasa kuna wenzetu watasema: "Kamanda, usituharibie. Wachimbaji wadogo ndio watu wetu, wakianza kudaiwa mipango ya mazingira watafungiwa." Nimeisikia hoja hii hata ndani ya vikao vyetu. Naipinga, na nitasema kwa nini. Ila kwanza tuelewane leseni yenyewe inavyopatikana, maana wengi tunapiga kelele juu ya kitu ambacho hatujawahi kukijaza.

Leseni ndogo ya uchimbaji, ile tunayoiita PML, kisheria ni ya Mtanzania tu. Kwa dhahabu eneo halizidi hekta 10, na leseni inadumu miaka 7, unaweza kuihuisha. Unaomba kwa mfumo wa mtandaoni wa Tume ya Madini: unaweka kitambulisho cha NIDA, TIN, majira ya nukta za kona za eneo lako, unalipa kwa namba ya malipo ya Serikali. Kama kuna mtu ana leseni juu ya eneo hilo, mfumo unakukatalia hapo hapo. Na hapa ndipo vijana wengi wa Handeni walipogonga mwamba (samahani kwa utani), kwa sababu ardhi nzuri ilishashikwa kwa leseni za utafiti za wakubwa. Magambazi mnaijua. Mwaka 2010 kampuni ya Kanada, Canaco Resources, ilitangaza matokeo ya uchorongaji pale na hisa zake kwenye soko la kwao zikapaa kama tiara. Mwaka 2013 mradi ukawa mikononi mwa East Africa Metals, kampuni iliyozaliwa humo humo. Watu wa Kanada walinunua na kuuza Handeni bila kujua Chogo iko upande gani wa Kabuku.

Turudi kwenye leseni. Ukiipata, kazi haijaisha. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Madini kinataka ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla hujachimba karibu na nyumba yake au shamba lake. Na kanuni za mwaka 2010 za mazingira kwa wachimbaji wadogo zinataka uwe na mpango wa kulinda mazingira. Huo mpango ndio unatakiwa useme udongo wa juu utawekwa wapi, marudio yatakaa wapi, zebaki itatumikaje, na siku ukiondoka eneo litaachwaje.

Nimekaa na kikundi cha vijana watano wa upande wa Handeni walipokuwa wanaandaa makaratasi yao. Wamechanga hela, wamemlipa mtaalamu mmoja, jina silitaji, awaandikie huo mpango. Ukaja umepigwa chapa vizuri, una jalada la plastiki. Nikaufungua. Ukurasa wa nne unasema maji ya mvua kutoka mgodini "yataelekezwa mbali na Ziwa Victoria". Jamani. Kutoka Handeni! Mtu alichukua mpango wa mgodi wa Kanda ya Ziwa, akabadilisha jina la mwombaji, akapokea hela ya watoto wa watu. Maji yetu hayaendi Ziwa Victoria. Yanaingia kwenye vijito vya Msangasi na kuelekea Bahari ya Hindi, na upande wa Korogwe yanaingia Mto Pangani.

Huo Mto Pangani ndio unaofanya Korogwe na Handeni kuwa kitu kimoja hata kama wanasiasa wanatugawa kwa majimbo. Maji ya bomba ya Handeni, mradi wa HTM tangu enzi za Mwalimu, yanasukumwa kutoka Pangani upande wa Korogwe. Na ule mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India unategemea mto huo huo, chanzo chake Mswaha, Korogwe. Kwa hiyo mtu anayeosha dhahabu kwa zebaki kwenye kijito kinachoingia Pangani juu ya chanzo, anaweka zebaki kwenye kikombe cha shangazi yake Chanika. Na upande wa pili wa mkoa mwaka 2003 tuliona. Dhahabu ilionekana Sakale, Amani, kwenye vyanzo vya Mto Zigi ambao ndio maji ya Tanga mjini. Watu wakafurika, Serikali ikaja kuwafukuza. Kufukuza wanajua sana.

Sasa naijibu hoja ya wenzangu. Anayeumizwa na shimo lisilofukiwa ni nani? Bosi anaishi mjini. Mnunuzi yuko sokoni na mizani yake. Anayebaki na shimo ni bibi mwenye nusu eka ya mahindi na michungwa, na ni yule yule mchimbaji mdogo, maana mwakani atapita juu ya duara la mwenzake lililofunikwa kwa miti na nyasi. Januari 2024 pale Ng'alita, Bariadi, udongo uliporomoka na watu 22 wakafa. Walikuwa wachimbaji wadogo, watu wetu hao hao. Kumtetea mchimbaji mdogo kwa kumwachia mashimo ni kumtetea nusu mwili.

Na kufukia si sayansi ya roketi kama mtu amepanga mapema. Chukua duara la kawaida, mita 2 kwa 2, kina mita 15. Hizo ni mita za ujazo 60. Kama kifusi chake kimerundikwa pembeni ya mdomo, na udongo mweusi wa juu umewekwa peke yake tangu siku ya kwanza, wale wale wachimbaji na sepetu zao wanalirudisha, tena kifusi cha duara la pili kinaingia moja kwa moja kwenye duara la kwanza bila kupanda juu ya kilima. Unamaliza kwa udongo mweusi, unapanda mikorosho au unamrudishia mwenye shamba alime. Ila kama kifusi kimesombwa na mvua misimu mitatu, au kimetawanywa kutengeneza njia ya karasha, sasa unahitaji tipa nane au tisa za kifusi kwa duara moja. Maduara 30 kwenye leseni moja? Hakuna kijiji Handeni chenye hela hiyo. Gharama yote iko kwenye siku ya kwanza, kabla sururu haijashuka. Ndiyo maana mpango wa nakala ya Kanda ya Ziwa ni wizi wa kweli, hata kama unachekesha.

Kwa wakubwa sheria inajua hili. Mwenye mgodi mkubwa anadaiwa mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya fedha ya kurejesha ardhi. Golden Pride ya Nzega ilifungwa, eneo likakarabatiwa, likakabidhiwa Serikalini. Buzwagi iliacha kuzalisha 2021 na mpango wa kufunga ulikuwepo mezani. Mnakumbuka Buzwagi? Mkataba uliosainiwa London, Februari 2007, na Waziri Karamagi. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa CHADEMA, alipoupeleka bungeni Agosti 2007 akasimamishwa. Yeye ndiye aliyefukuzwa, mkataba ukabaki. Lakini nchi ikawaka, ikaundwa Kamati ya Jaji Bomani, na mwaka 2010 tukapata Sheria mpya ya Madini. Sheria hii ambayo CCM wanajisifia imetokana na kelele za upinzani, msisahau wala msione haya kuikumbusha.

Kelele zile zilikuwa za mikataba ya wakubwa. Mashimo ya wadogo hayakuwa na msemaji, na mpaka leo hayana. Mchimbaji mdogo hana dhamana ya kuweka, na hawezi kuwa nayo. Benki zenyewe hazimtazami. Kwa hiyo Serikali inamdai karatasi, halafu haiji kuangalia kama karatasi ina ukweli. Inakuja kuangalia gramu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mchimbaji akiuza dhahabu sokoni kwa njia ya kawaida anakatwa mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. (Kuna nafuu kwa dhahabu inayokwenda viwanda vya kusafishia ndani ya nchi, hiyo ni habari ya siku nyingine.) Halmashauri nayo ina ushuru wa huduma, asilimia 0.3. Dhahabu ya shilingi milioni 100 ikitoka Handeni, milioni 7 zinakwenda Serikali Kuu na laki 3 halmashauri. Kijiji chenye shimo kinaandikiwa nini? Hakuna mstari hata mmoja. Ada inaitwa ya ukaguzi, kaguzi la shimo halipo ndani yake.

Msiniambie hakuna uwezo. Juni 2022 Serikali hii hii ilileta familia kutoka Ngorongoro mpaka Msomera, hapa hapa Handeni. Viwanja vikapimwa, nyumba zikajengwa, barabara zikachongwa, kamera za televisheni zikaja. Tuliyo nayo juu ya haki ya lile zoezi tumeshayasema. Ninachotaka mkione ni kasi. Wakitaka, greda linafika. Greda hilo hilo linafukia mashimo ya kifusi ya wilaya nzima kwa msimu mmoja wa kiangazi.

Msimamo wangu, na ninautaka uwe msimamo wa vijana wa Tanga kwenye ilani: ile asilimia 1 ya ukaguzi irudi kwenye wilaya ilikotoka dhahabu, ikae kwenye akaunti ya kufukia mashimo ambayo mizania yake inabandikwa ubao wa matangazo wa kijiji. Mchimbaji akifukia duara lake kama mpango ulivyosema, alipwe kutoka humo. Asipofukia, hela hiyo hiyo inamlipa kijana mwingine wa kijiji afukie. Mkandarasi wa barabara asilipwe cheti cha mwisho mpaka mtendaji wa kijiji asaini kwamba shimo la kifusi limesawazishwa. Na mipango ya mazingira iandikwe kwa Kiswahili, kurasa chache, isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mzee yeyote wa Kizigua angesimama kwenye mkutano ule na kuuliza Ziwa Victoria limehamia lini Handeni, na yule mtaalamu angerudisha hela.

Wale vijana watano wameandika mpango wao upya, kwa mkono, kurasa nne. Wamechora eneo, wamepima kwa kamba udongo mweusi una kina gani (kiganja na nusu, si zaidi), wamechagua pa kuuweka ambapo maji hayapiti. Kopi iko kwa mtendaji.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Kwenye mkutano ujao wa kijiji chako, kama kuna leseni yoyote ya madini au shimo lolote la kifusi, simama uombe vitu viwili visomwe kwa sauti: mpango wa mazingira wa mwenye leseni, na barua ya ridhaa ya mwenye shamba. Wakisema viko wilayani, omba tarehe ya kuletwa, iandikwe kwenye muhtasari, na piga picha ukurasa huo kabla kikao hakijafungwa.