Tuligombania mapanki, mzigo tukausahau

Leo sina stori ya bumu kuchelewa wala ya foleni ya kantini, leo nataka kugomba. Hapa chuo kuna wasomi wenzangu ukiwatajia tu Darwin's Nightmare, ile filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu Mwanza, wanakuja juu: mzungu alikuja kututukana, basi! Ukimuuliza mmoja mmoja kama ameiona, anaanza kujikuna kichwa.

Jamani, mi nimeiona yote. Wengi wanaikumbuka kwa mapanki na watoto wa mitaani. Mimi walionikaa kichwani ni wale mabaharia wa angani, Warusi na Waukraine waliokuwa wanatua Mwanza na madege ya Ilyushin kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya. Ni wafanyakazi kama baba zetu tu. Wamechoka, wako mbali na kwao, wanaonyesha picha za familia zao, jioni wanakunywa na akina dada wa mjini. Dada mmoja kati ya hao aliuawa na mteja wakati filamu bado inapigwa.

Sauper anawauliza swali moja tena na tena: mnapokuja huku mnaleta nini? Wanakwepa. Ndege tupu, wanasema. Mpaka mwishoni mmoja anafunguka kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, halafu akageuza na zabibu za Afrika Kusini kwa ajili ya Ulaya. Na unamwona kabisa kwamba jambo lile linamuuma.

Sasa sisi tulijibu nini? Mwaka 2006 Rais Kikwete akaishambulia filamu kwenye hotuba, Mwanza watu wakaandamana, mwandishi wa habari aliyehojiwa humo akaandamwa. Watu wakabaki kubishana kama mapanki yanaliwa na binadamu au ni chakula cha mifugo. Mapanki! Mtu anauliza ndege imeleta nini, sisi tunamjibu habari za vichwa vya samaki.

Nakubali filamu ina kasoro. Mwanza ile karibu yote ni giza, wale maelfu wanaofungua maduka asubuhi na kupeleka watoto shule huwaoni. Na silaha zikishushwa Mwanza yenyewe haikuonyesha, ilichonacho ni maneno ya watu. Lakini kasoro hizo hazifuti swali.

Na swali lenyewe linanigusa maana mimi ni wa Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini. Kwetu ni dhahabu. Vijana wanashuka kwenye maduara, makarasha yanasaga mawe, watu wanashika zebaki mikono mitupu. Akitokea mtu na kamera, wasiwasi wa kwanza ni kwamba atatuchafulia jina. Jina! Dhahabu imekwenda wapi, kwa bei gani, na zebaki imeishia kwenye maji ya nani, hayo hayaulizwi kwa sauti.

Nyie wenzangu wa ualimu, muda si mrefu tutakuwa darasani. Mwanafunzi akikuuliza swali gumu kwa Kiswahili kibovu, utamchapa kwa ubovu wa Kiswahili na swali uliache? Basi msiifanyie hivyo hii filamu. Iangalieni kwanza mpaka mwisho, halafu njooni tubishane.

Naomba kuwasilisha.