Kisima chako Dodoma, maji ya nani?



Hapa Fairfield, magharibi ya Sydney, wakikaa Wabongo wawili watatu mazungumzo hayachelewi kufika kwenye ekari. Huyu kanunua Kongwa, yule Bahi, mwingine anataka zabibu Chamwino. Swali linalofuata ni kuchimba kisima ni shilingi ngapi. Sijasikia mtu akiuliza yale maji ya chini yanarudishwa na nini.

Jibu lipo. Visima vya Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, vimepimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 watafiti walichapisha kumbukumbu zake za miaka 55. Mvua za kawaida pale haziongezi kitu cha maana chini ya ardhi. Akiba hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno. Ile El Niño ya 1997/98 peke yake iliingiza karibu asilimia 20 ya maji yote yaliyoingia katika kipindi hicho! Hebu fikiria akaunti ambayo mshahara wake haujulikani utaingia mwaka gani, halafu wenye kadi wanaongezeka kila siku. Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji ukafura. Mwaka 2023 ikazinduliwa BBT na mashamba yake ya Chinangali. Na sisi wabeba maboksi tumo kwenye foleni hiyo hiyo.

Mtu atasema, mimi na ekari zangu tano nitamaliza maji ya Dodoma? Peke yako, hapana. Hata kule Batinah, Oman, hakuna aliyemaliza peke yake. Kila shamba lilifunga pampu yake, maji ya chini yakashuka, bahari ikaingia, mitende ya karibu na pwani ikafa kwa chumvi. Mwaka 1988 serikali ilitangaza maji kuwa mali ya taifa, lakini pampu zilishafungwa. Saudia nayo ililima ngano jangwani mpaka ikauza nje, kisha mwaka 2008 ikaanza kurudi nyuma kwa kuogopa visima kukauka.

Wala msidhani Waaustralia ni mafundi wa jambo hili. Australia Magharibi walifyeka mikaratusi yenye mizizi mirefu wakapanda ngano. Ngano haikuweza kunywa maji kama miti, kwa hiyo maji ya chini yakapanda badala ya kushuka, yakaja na chumvi, na ardhi ikafa. Ni kinyume cha Batinah, lakini uzembe ni ule ule: kupanda juu bila kuuliza chini kuna nini. (Hata magharibi ya Sydney chumvi ya ardhini inakula matofali ya nyumba za watu.)

Sipingi kilimo. Mtama na alizeti hulimwa Dodoma kwa mvua, na zabibu hukubali umwagiliaji wa matone. Ninachodai ni kwamba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ibandike hadharani vipimo vya visima kila mwaka, na kila kisima cha shamba kiwe na mita. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inataka kibali. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, mwambie shemeji akutumie hicho kibali na majibu ya kupima uwezo wa kisima, siyo ile video ya maji yanaruka juu na mafundi wanapiga makofi.