Mkaguzi Aje Shimo Likiwa Wazi

Jengo likianguka, sote tunakimbilia nondo. Watu wanapiga picha vipande vya zege, redioni anasikika mtaalamu akisema saruji ilikuwa haba, kamati inaundwa. Ndivyo ilivyokuwa ghorofa la Kariakoo liliposhuka Novemba 16, 2024, na ndivyo ilivyokuwa Machi 2013 mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam. Hatusemi kwamba huko udongo ndio uliokosa. Tunasema tu kwamba swali la jengo limekalia nini huulizwa mwisho, kama linaulizwa kabisa. Nairobi walilazimika kuliuliza usiku wa Aprili 29, 2016, pale jengo la ghorofa huko Huruma, lililosimama kando ya mto, lilipoporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 50.

Mkaguzi tunayemjua sisi anafika ukuta ukiwa umeshafika kwenye lenta. Anatazama matofali, anagonga nguzo, anauliza kibali kiko wapi, anasaini. Kazi yake kubwa kuliko zote imeshafukiwa tangu mwezi uliopita, na hakuna macho yatakayoiona tena. Tunachodai ni kidogo: aje shimo la msingi likiwa wazi, kabla ya zege, na mkononi awe na karatasi mbili, yaani ripoti ya udongo na mchoro wa viwango vya ardhi.

Tuanze na udongo. Mtu mzoefu hahitaji mashine ili aanze kuhoji. Anachota bonge kutoka chini kabisa ya shimo, si lile lililomwagwa ukingoni jana, analilowesha kidogo na kulivingirisha kiganjani. Mchanga hauvingirishiki, unamegeka papo hapo. Mfinyanzi unatoka uzi mrefu kama tambi. Mswidi Albert Atterberg, mkemia, ndiye aliyeugeuza mchezo huu kuwa kipimo mwaka 1911, na hadi leo maabara zinavingirisha uzi wa milimita 3 na kuangalia unakatika ukiwa na maji kiasi gani. Udongo unaokubali maji mengi kabla ya kulegea, na ukabaki unavingirishika muda wote huo, ndio wa kuogopwa.

Kuna na kipimo cha chupa. Jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, weka chini. Mchanga unatua mara tu chupa inapotulia. Silti, ile chembe laini ambayo ikikauka hupeperuka kama unga, inachukua muda zaidi. Mfinyanzi unaweza kuyaacha maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa hadi kesho yake. Kipimo hiki hakitoshi kupangia nondo, lakini kinatosha kumfanya mwenye nyumba apige simu maabara.

Ripoti ikirudi kutoka maabara itakuwa na herufi, na hapa wengi wanateleza. Mfumo unaotumika sana duniani ulitokana na kazi ya Arthur Casagrande, aliyeutengeneza miaka ya 1940 kwa ajili ya viwanja vya ndege vya jeshi la Marekani. G ni kokoto, S ni mchanga, C ni mfinyanzi. M si mchanga wala mfinyanzi, kama Mswahili anavyoweza kudhani. Ni silti, na herufi yenyewe ina asili ya Kiswidi. Kinachogawa makundi makubwa ni chekeche lenye matundu ya milimita 0.075: zaidi ya nusu ya udongo ikipita, huo ni udongo laini, na tabia yake itaamuliwa zaidi na maji kuliko ukubwa wa chembe. Ukiona CH, simama. Huo ni mfinyanzi unaofinyangika sana, na mara nyingi ni wa kuvimba.

Shinyanga na Mwanza wanauita udongo wa mbuga. Embakasi na Athi River, Kenya, wanauita blakikotoni. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Masika unavimba na kuinua jamvi zima. Chembe zake ni kama kurasa nyembamba sana, na maji yanaingia kati ya ukurasa na ukurasa na kuzisukuma mbali. Mwenye nyumba anachoona ni mlango usiofunga mwezi wa nne. Anamwita seremala, anaupiga randa. Mwezi wa tisa mlango una upenyo. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Seremala analipwa kwa kosa la msingi.

Maabara inalo jibu la bei nafuu: kihori kidogo cha urefu wa milimita 140. Udongo uliolainishwa kwa maji unajazwa humo na kukaushwa, kisha unapimwa umesinyaa kiasi gani. Ukipungua milimita 14 ni asilimia 10, na hapo mhandisi anajua hajengi kwa mazoea. Ataagiza ukatwe na kubebwa, ujazwe moramu nzuri, au msingi ushuke zaidi, au udongo uchanganywe na chokaa. Kila njia ina gharama yake, na zote ni nafuu zikiamuliwa shimo likiwa wazi.

Tunaambiwa vipimo hivi ni vya miradi mikubwa. Basi tutazame barabara. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Tanzania wa mwaka 1999 unagawa udongo wa chini katika madaraja ya S3, S7 na S15 kwa nguvu yake ya kubeba, na hakuna mhandisi wa TANROADS atakayethubutu kumwaga lami bila kujua yuko daraja gani. Barabara ikibonyea, gari linaruka. Nyumba ikibonyea, kuna watoto wamelala ndani. Kwa nini lami ipate heshima ambayo chumba cha kulala hakipati?

Karatasi ya pili ni mchoro wa viwango, ule unaoonyesha ardhi ilivyo na itakavyokuwa. Mafundi wengi wa nyumba za kawaida hawajawahi kuushika. Mistari ya nukta nukta ni mlima kama Mungu alivyouweka. Mistari mizima ni jinsi greda litakavyouacha. Mistari ikibanana, pana mteremko mkali. Pale ardhi ya sasa ilipo juu kuliko ile mpya, utakata. Ilipo chini, utajaza. Pembeni lazima kuwe na alama moja ya kudumu, ya zege au chuma, ambayo vimo vyote vinapimwa kutoka kwake. Mkaguzi akiuliza alama iko wapi akaonyeshwa mti wa mwembe, arudi ofisini.

Hivi karibuni tulisimama kwenye kiwanja kimoja cha mlimani, upande wa Goba, Dar es Salaam. Mwenye nyumba amechimba upande wa juu kwa greda, na udongo wake ameutandaza upande wa chini ili apate uwanja wa kukaa nyumba. Nusu ya msingi imekaa kwenye ardhi iliyokatwa, nusu kwenye kifusi. Tuliazima kipande cha nondo ya milimita 12. Upande wa juu kiliingia inchi moja kikagoma. Upande wa chini kilizama kwa nguvu ya mkono tu, kama unachoma ugali wa moto. Tulimwonyesha fundi.

“Tumekimwagia maji siku tatu, mzee,” alisema. “Hicho kimeshakaa.”

Hakijakaa. Kumwagia maji si kushindilia. Tangu mwaka 1933, Ralph Proctor alipoeleza jambo hili kutokana na kazi zake za mabwawa ya California, inajulikana kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukigongwa unakaza kuliko wakati mwingine wowote. Maji yakipungua, chembe zinagomeana. Yakizidi, unapiga supu. Fundi anaweza kujaribu kwa ngumi: akamue bonge, likishikamana na likivunjwa linagawanyika vipande viwili safi bila kulowesha kiganja, amekaribia. Kisha ashindilie kwa tabaka la milimita 150, mashine ipite, tabaka lingine lifuate. Mita mbili za kifusi zilizomwagwa kwa siku moja na lori, ndani yake kukiwa na mifuko ya plastiki na maganda ya ndizi, zitakuwa zinashuka polepole hata mwenye nyumba akishahamia. Ufa utaanza kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari. Ukiuona huo, usimlaumu mpaka rangi.

Maji ndiyo sababu nyingine ya mchoro huu. Kanuni za nyumba za Marekani zinataka ardhi iteremke angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Huo si mlima. Ni kiganja kimoja cha mkono kwa hatua nne. Hata hivyo mitaa yetu imejaa nyumba ambazo uwanja wake unateremkia ukutani, kwa sababu barabara ilipandishwa baadaye au kwa sababu fundi alihamisha usawa kwa mpira wa maji wenye povu la hewa katikati. Mpira wa maji ni kifaa kizuri, tusiudharau. Lakini povu moja linaweza kudanganya kwa sentimita kadhaa, na hizo ndizo sentimita zote tulizokuwa nazo. Mkaguzi autazame mpira kwa urefu wake wote kabla ya kuamini alama ya penseli kwenye nguzo.

Na maji yakitoka kwako yanakwenda wapi? Mtu anayekata mlima anabadili njia ya mvua ya mtaa mzima. Anajenga ukuta wa mawe wa kushikilia udongo, bila matundu ya kutolea maji, na masika ya kwanza ukuta unabeba udongo pamoja na maji yaliyokosa pa kutokea. Ukilala, unalala kwa jirani. Ofisi za serikali za mitaa zimechoshwa na kesi hizi, na mwenyekiti hana pimamaji wala mchoro wa kuamulia. Angekuwa navyo, kesi ingekwisha dakika kumi.

Kuna jambo hatuwezi kuliruka, nalo ni wachimbaji wenyewe. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu, sawa na gari dogo kulala kifuani. Wamarekani wanaainisha udongo wa mitaro kwa usalama tu, kuanzia A ulio imara hadi B na C, na wanataka kingo zilazwe au zizuiwe kuanzia kina cha mita 1.5, isipokuwa kwenye mwamba mgumu. La kujifunza kwao ni kwamba daraja la udongo si la kudumu. Mfinyanzi mgumu wa asubuhi ukipata nyufa hauhesabiki tena kuwa A. Malori yakipita karibu na kuutikisa, vivyo hivyo. Mvua ikinyesha usiku, ukaguzi wa jana umefutika, na mtu anayejua kazi lazima ashuke na kutazama upya kabla ya kijana yeyote kuingia. Udongo uliotolewa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Kwetu unarundikwa mdomoni mwa shimo la choo, na kijana yuko chini peku, anaimba.

Kibali cha ujenzi huja na hatua za ukaguzi. Kinachokosekana ni mtu shimoni, na tunajua sababu: wakaguzi ni wachache, usafiri hakuna, na mwenye nyumba ana haraka ya kumwaga zege kabla pesa haijaisha. Basi halmashauri zianze na kinachowezekana. Viwanja vya mabondeni, vya mlimani na vya mbuga vinajulikana. Vitengwe kwenye ramani, na huko kibali kiandikwe sharti moja kwa herufi kubwa, kwamba zege la msingi halimwagwi bila saini ya aliyeliona shimo. Mkaguzi akishindwa kufika ndani ya siku tatu, mhandisi aliyesajiliwa asaini kwa niaba yake na abebe jina lake. Picha ya shimo, ikiwa na rula ndani yake na tarehe, ibaki kwenye faili. Vuli haiko mbali, na greda la Goba bado linafanya kazi.