Insha Ndefu Si Mali ya Watoto wa Matajiri

Mara nyingi twasikia maneno haya njiani, sokoni, hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada: "Mtoto wangu ashinde mtihani, yatosha. Mambo ya kutafiti na kuandika insha ndefu ni ya watoto wa shule zile za karo kubwa." Wazazi husema hivyo, na baadhi yetu waalimu huitikia. Sisi twakataa. Twasema neno hilo ni kosa, tena kosa hilo latugharimu.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mjini Moshi iko shule iliyoanza mwaka 1969, nayo tangu mwaka 2019 imo katika jamii ya shule za UWC. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaofuata diploma ya IB hutakiwa kuandika insha moja isiyozidi maneno 4,000, kila mmoja juu ya swali alilolichagua mwenyewe. Mwalimu humwongoza, lakini hamwandikii. Mwanafunzi hutafuta habari, huzipima, hutaja alikozipata, na mwisho huketi na mwalimu wake akaulizwa jinsi alivyoifanya kazi. Hatuwaonei wivu watoto wale. Twauliza tu: kwa nini watoto wetu wa mlimani wakose zoezi hilo?

Wako wanaojibu, "Hatuna vitabu wala fedha." Je, Nathaniel Mtui wa Marangu alikuwa na nini? Alikuwa mwalimu wa misheni ya Kilutheri, mwanzoni mwa karne ya 20, akaandika katika madaftari habari za kale za Wachagga na watawala wao. Bibi Kathleen Stahl alipotoa kitabu chake cha historia ya Wachagga mwaka 1964, aliyatumia madaftari hayo. Basi mgeni mwenye elimu kubwa alijifunza kwa mwalimu wa kwetu, na sisi tulio warithi wa kazi yake twasema kwamba utafiti si kazi yetu! Ni aibu.

Lakini tusiwalaumu wazazi peke yao. Sisi waalimu nasi tuna deni. Tulipata kuwaagiza wanafunzi wetu waandike juu ya "Kahawa," neno moja tu, pana kama anga. Kijana mmoja akatuletea kurasa ishirini, safi, zenye hesabu za mavuno ya Brazili. Tukamwuliza, "Baba yako ana miti mingapi ya kahawa katika kihamba chake?" Akanyamaza. Tukamwuliza, "KNCU ilianza lini?" Akasema 1933, na hapo alisema kweli. Lakini hakujua kwamba kabla yake kilikuwako chama cha wakulima, KNPA, kilichoanza mwaka 1925. Kurasa zote alizinakili kutoka katika simu. Kosa lilikuwa lake, nasi tulilishiriki, kwa kuwa tulimpa kichwa cha habari, hatukumfundisha kuuliza swali.

Kwa maana hapo ndipo kazi inapoanza. Usimwambie mtoto, "Andika juu ya mifongo." Mwambie atafute swali dogo linalomwuma, kwa mfano: Kwa nini maji ya mfongo wetu hayafiki tena kwenye migomba ya chini? Kisha apange siku zake kabla hajashika kalamu. Juma la kwanza aufuate mfongo kwa miguu, toka banio mpaka mwisho wake, aandike kila mahali penye ufa. Juma la pili awaulize watu: mzee anayesimamia zamu za maji, mama atekaye, na kijana wa upande wa juu anayesingiziwa wizi. Mzee atasema mvua zimepungua. Mama atasema watu wa juu wanaiba. Kijana atasema kingo zimebomoka, kwa sababu watu hawatoki tena kwenye msaragambo. Hapo mwanafunzi asimfuate mwenye sauti kubwa wala mwenye mvi nyingi. Na aende mjini Moshi, kwenye ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, aulize kama wanazo hesabu za mto ule. Na apitie vitabu vya ubatizo vya usharika au parokia, akitaka kujua kitongoji kilikuwa na jamaa ngapi zamani. Kila neno aliandike pamoja na jina la aliyelisema na siku aliyolisema. Ndipo aandike insha, na mahali pasipo hakika akiri kwamba hapana hakika. Gharama ya hayo yote ni daftari, kalamu, na nauli ya mara moja.

Tena imezuka hila mpya: mashine ya akili bandia iliyo katika simu, ambayo huandika insha nzima kabla uji haujachemka. Hatusemi ni dhambi kuiuliza neno. Lakini mashine haikupanda mpaka kwenye banio, wala haikuketi na bibi yako. Atoaye insha ya mashine kwa jina lake amesema uongo, na aliyejinyima njaa kumlipia karo amedhulumiwa.

Wengine watatuambia, "Mtihani wa taifa hauiulizi insha hiyo, na muda ni mfupi." Tunajua, sisi ndio tunaokimbizana na muhtasari wa masomo mwaka mzima. Lakini baada ya mtihani yako maisha. Kijana wetu atasimama mbele ya baraza, watu wawili wakiapa kinyume juu ya mpaka wa masale. Atauziwa dawa ya kahawa na mchuuzi mwenye maneno matamu. Siku hiyo hataulizwa alichokariri. Asiyejua kupambanua lililoonwa na lililosikiwa atauza kihamba cha baba zake kwa karatasi asiyoielewa. Hayo tumeyaona kwa macho yetu.

Kwa hiyo twatoa ombi moja. Desemba hupanda mlimani jamaa zetu wote kutoka Dar es Salaam na Arusha, na nyumba hujaa nyama na mbege. Wazee huketi wakasimulia. Mzazi, mwaka huu mpe mwanao daftari, umketishe karibu na babu yake akiwa na swali moja aliloliandaa, na usimfukuze akiuliza mara ya pili. Nawe mwalimu mwenzetu, shule zikifunguliwa Januari, lisome daftari hilo kabla ya kitu kingine chochote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wazee wanapungua kila mwaka, nasi tukingoja mpaka tujengewe maktaba, tutaipata wakati wa kuulizwa hawapo tena.