CHAKULA CHA MWANAMWALI NA AKILI YA MTOTO



Haupiti mwezi ila huniingia dukani mzee anayeoza, naye ana karatasi mkononi. Karatasi ile naijua kabla sijaisoma: kanga doti kadhaa, udi, marashi, sabuni za kunukia, viatu, mchele wa karamu, samli, iliki. Nimepima vitu hivi mara nyingi hadi usiku, wala silalamiki, maana ndiyo riziki yangu. Lakini katika miaka yote niliyosimama nyuma ya mizani sijapata kuona karatasi ya harusi iliyoandikwa kitu cha kumlisha mwanamwali mwenyewe katika miezi ya kungojea siku yake. Sanduku lake hujazwa mpaka halifungiki, na yeye huingia kwa mumewe damu yake ni haba. Kisha, miaka ishirini ikipita, kijana aliyezaliwa akaanza kusikia sauti wasizozisikia wenziwe, ndipo tuulizapo ni jini gani huyu, na ni jirani gani mwenye husuda.

Mimi si daktari. Nimesoma chuoni, na baada ya hapo mwalimu wangu amekuwa daftari la mauzo na kila karatasi yenye maandishi inayonipitia mkononi. Lakini nitakayoyanena yamechunguzwa na wenye ujuzi wao kwa miaka mingi, na yatupasa tuyajue.

Mwezi Septemba 1944, wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyasaidia majeshi yaliyokuwa yakija kuwakomboa. Wajerumani, waliokuwa wakiikalia nchi ile, wakajibu kwa kuzuia chakula kisifike miji ya magharibi. Baridi ilipoingia, mifereji ikaganda, vyombo visiweze kupita. Watu wa Amsterdam na Rotterdam, waliozoea kushiba, wakawa wanakula vitunguu vya maua ya tulipu na mizizi ya kutengenezea sukari. Watu wapatao 20,000 walikufa kabla ya nchi kukombolewa mwezi Mei 1945.

Njaa hiyo ilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake, na Waholanzi ni watu wa daftari: kila mzaliwa aliandikwa, na kila kijana wa kiume alipofika umri wa jeshi alipimwa. Bibi Zena Stein na mumewe Mervyn Susser, madaktari waliotoka Afrika ya Kusini, walizifungua daftari hizo, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba vijana waliokuwa matumboni wakati wa njaa hawakuonekana kupungukiwa na werevu. Mtu angeweza kuifunga habari hapo. Lakini katika miaka ya 1990 mtoto wao, Ezra Susser, pamoja na wenziwe, walitazama daftari za maradhi ya akili, na wakaona jambo ambalo mtihani wa jeshi haukuweza kulionyesha. Wale ambao mimba zao zilitungwa wakati njaa ilipofikia ukali wake kabisa waliugua skizofrenia, maradhi ya kusikia sauti na kuchafukwa na fikira, takriban mara mbili kuliko wenzao. Uchina nako, katika sehemu za Wuhu zilizopigwa na njaa ya mwaka 1959 hadi 1961, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 ulipata jambo lile lile: ugonjwa uliokuwa haumfikii mtu mmoja katika mia ulikaribia watu wawili katika mia. Nchi mbili hizi hazifanani kwa chakula, wala kwa dini, wala kwa utawala.

Nisifahamike vibaya. Wengi mno waliotungwa mimba katika njaa ile walikua wazima, na maradhi haya yana mizizi mingi, nasaba ikiwa mmoja wao. Wala asitokee mtu akaichukua habari hii kwenda kumlaumu mama wa mgonjwa. Mama hakuichagua njaa. Twajua vizuri nani hujigawia wa mwisho nyumbani, na kwa nini.

Sasa mtu ataniuliza: mbona wasema kabla ya mimba, na kliniki za wajawazito zipo? Jibu liko katika hesabu ya siku. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utepe mwembamba unaojikunja ukawa mrija, na mrija huo hufungika katika siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa. Siku hizo mama wengi hawajajijua kama wana mimba. Kliniki, hata iwe bora namna gani, humpokea mama baada ya kazi hiyo kwisha. Ndiyo maana uchunguzi mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 uliwapa wanawake vidonge vya asidi ya foliki tangu kabla hawajachukua mimba. Wote walikuwa wamekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au ila ya namna hiyo, na waliopata vidonge waliepushwa isirudi, karibu watatu katika kila wanne. Asidi hiyo hiyo Mwenyezi Mungu ameiweka katika mchicha, kunde, maharage na maini, vitu ambavyo hapa kwetu huitwa chakula cha siku ya shida.

Lakini dalili iliyonigusa zaidi yatoka milima ya Papua New Guinea. Huko chakula kilikosa madini joto, yaani aidini, na watoto wengi walizaliwa mabubwi, na akili zao pungufu. Kuanzia mwaka 1966 madaktari waliwapiga wanawake sindano za mafuta yenye aidini, nusu yao wakapewa mafuta hayo na nusu maji ya chumvi tu. Miongoni mwa waliopewa aidini walizaliwa watoto 7 wenye ila ile, na mama 6 katika hao walikuwa wamekwisha shika mimba ndipo walipopigwa sindano. Sindano ilikuwa ni ile ile, ila iliwakuta wamechelewa.

Sisi wa visiwani tulijitoa katika jambo hili kwa kusema kuwa bahari imetuzunguka, na samaki twala. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulitukanusha. Watoto wa skuli walipopimwa, Unguja walikutwa na aidini ya kutosha, lakini Pemba ilikuwa chini mno, na rovu shingoni lilikuwa kwa mtoto mmoja katika kila watatu, au karibu na hapo. Chumvi yenye madini joto ilikutwa katika nyumba zaidi ya nusu za Unguja; Pemba ilikuwa takriban nyumba moja katika mia. Chumvi ya majaruba yetu hutoka baharini, ni kweli, lakini maji yakishakauka juani aidini inayobaki ni haba sana. Na muhogo, usipotayarishwa vizuri, huzidi kuuzuia mwili usiitumie hata hiyo kidogo.

Hapa nami nina kosa langu. Kwa miaka mingi gunia la chumvi nimeliweka wazi mlangoni, jua linalichoma na mvua inalirushia, maana chumvi haiibwi. Kumbe aidini hupotea kwa jua na unyevu, na hata ile iliyotiwa kiwandani nilikuwa naiua mwenyewe kabla ya kuipima.

Nasema haya kwa wanaume wenzangu khasa. Sinia la wanaume hutangulia na samaki mzima juu yake. La wanawake hufuata na mchuzi na miba. Mwanamwali wa miaka kumi na minane hula katika sinia hilo la pili, naye ndiye tunayemtarajia ajenge ubongo wa mjukuu wetu kwa kile alichokiacha baba yake. Masomo wanaomfunda mwari humfundisha mengi ya unyumba. Wangeongeza maneno machache ya mboga, vidonge na chumvi, wangesikilizwa kuliko daktari.

Kwa upande wa Serikali, madai yangu ni mawili. Kwanza, vidonge vya asidi ya foliki na vya kuongeza damu wapewe wasichana wanapoposwa, wala isingojewe kadi ya kliniki. Pili, chumvi ya Unguja na Pemba ipimwe kila mwaka, na vipimo vitangazwe wilaya kwa wilaya, hata kama vinaaibisha. Waheshimiwa Wawakilishi wetu waliulize jambo hili Barazani kwa maandishi, ili jibu nalo liwe la maandishi.

Kipo kichupa kidogo cha maji ya kupimia: ukiidondoshea chumvi yenye madini joto, hugeuka buluu. Hakihitaji daktari. Kila tawi laweza kuwa nacho, na mimi nataka changu kikae juu ya meza ya duka kando ya mizani, kila anunuaye chumvi aione rangi yake kabla hajatoa pesa. Gunia nimekwisha liondoa mlangoni.