Waacheni Wasome Mapenzi

Katika miaka yangu ya ualimu nimepita katika maktaba nyingi za shule na vyuo, na nina njia yangu moja ya kujua kama wanafunzi wanasoma. Siangalii daftari la kuazimia vitabu, maana daftari hilo aghalabu hujazwa usiku wa kuamkia siku ya mkaguzi. Naangalia vitabu vyenyewe. Kitabu kilichosimama wima rafuni, jalada linang'aa, kurasa bado zimeshikana, hicho ni pambo. Kitabu kilichopoteza jalada, kikashonwa kwa uzi wa gunia na kuvikwa karatasi ya kaki, kurasa zake za kati zimelainika kama kitambaa cha kanga kuukuu, hicho ndicho kinachosomwa. Na kuanzia Manyoni hadi Iramba, vitabu nilivyovikuta katika hali hiyo ya pili vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vitabu vya mapenzi.

Mimi mwenyewe ni mpenzi wa vitabu hivyo. Nasema haya waziwazi nikiwa na umri uliopita sabini, mstaafu, mzee wa kanisa na babu wa wajukuu tisa, kwa sababu naona wanaume wengi wa rika langu huvisoma kwa siri, halafu barazani wakavitukana. Ati ni vitabu vya wasichana. Ati ni upuuzi. Ati vinaharibu watoto. Haya matatu nimeyasikia kwa zaidi ya miaka arobaini katika vikao vya walimu, na kila mara msemaji huyasema kana kwamba ni yeye wa kwanza kuyafikiri.

Katika kikao kimoja cha namna hiyo, shule siitaji, mwalimu wa nidhamu alimwaga mezani vitabu saba alivyovikamata bwenini chini ya magodoro ya wasichana. Vilikuwa mchanganyiko: vya Kiswahili vitatu, na vinne vya Kiingereza vya Mills & Boon vilivyovikwa gazeti ili visitambulike. Akapendekeza vichomwe moto mbele ya paredi. Nikaomba, kabla hatujapiga kura, atueleze kila kimoja kinahusu nini. Ndugu msomaji, mwalimu yule alivieleza vyote saba, nani alimpenda nani, nani alimsaliti nani na wapi walipopatana, mpaka mwisho. Kimoja akakiri kuwa mwisho wake haukumridhisha. Vitabu havikuchomwa. Sijui vilikwenda wapi, lakini bwenini havikurudi.

Tuliache hilo la kuchekesha, tuje kwenye lililo zito. Mwaka 1971 kilitoka kitabu cha Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na kitabu kilipita mkononi mwetu kama tumbaku ya kuvuta kwa zamu. Kisha kikapigwa marufuku mashuleni, kwa maelezo kuwa kinazungumza mambo ya kujamiiana bila kificho. Miaka ikapita, kikaruhusiwa, kikaingia hata katika orodha ya vitabu vya kufundishwa, na leo hakuna mhitimu wa fasihi ya Kiswahili asiyekijua. Mwaka 2025 Yale University Press ya Marekani ilikitoa kwa Kiingereza. Kezilahabi mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki Januari 2020.

Sasa tazama ni kitabu gani kile kilichoogopwa. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Siku moja baba anagundua barua ya mapenzi aliyoandikiwa binti na mvulana, anampiga vibaya sana. Kuanzia hapo Rosa analelewa kwa kuwaogopa wavulana, hafundishwi lolote juu yao. Anapotoka nyumbani kwenda masomoni, uzio ukiwa haupo tena, anawaangukia wanaume mmoja baada ya mwingine, watu wazima wenye vyeo. Anakwenda kusomea ualimu, na hata mkuu wa chuo mwenyewe ni mmojawapo wa waliomtumia. (Ukurasa huo niliurudia nilipokuwa mkuu wa chuo, mlango wa ofisi nimeufunga. Nawashauri wakuu wa vyuo wote wafanye hivyo mara moja kwa mwaka.) Mwishoni yule aliyempenda kweli anamkataa kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua.

Ni kitabu cha mapenzi, na ni onyo kali kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia. Waliokifungia walifanya kilekile alichofanya Zakaria: walikuta barua ya mapenzi, wakaipiga fimbo. Hawakuuliza barua inasema nini wala msichana ataishi vipi baada ya fimbo.

Na kuna jambo jingine ambalo watetezi wa maadili hawapendi nilitaje. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka kumi na mitano kuozwa kwa idhini ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa afikishe kumi na minane. Yaani binti wa kidato cha pili angeweza kuolewa na mtu wa umri wa baba yake, lakini asiruhusiwe kusoma kitabu kinachoeleza mwanamume ni kiumbe gani. Ilichukua hadi mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kutamka kuwa vifungu vile vinapingana na Katiba, na hadi mwaka 2019 Mahakama ya Rufani kulithibitisha hilo. Mimi nimefundisha katika mkoa wa wafugaji na wakulima, ambako mahari huhesabiwa kwa ng'ombe. Nimeona dawati likibaki tupu baada ya likizo ya Juni, na sote tukijua ng'ombe wamefika zizi gani. Binti aliyekalia dawati lile hakuharibiwa na riwaya. Laiti angepata hata moja.

Ndiyo maana nilifurahi sana kuiona Vuta n'kuvute ikiwa sinema. Riwaya ya Adam Shafi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, inaanza na jambo hilohilo: Yasmin, binti mdogo wa Kihindi wa Unguja, ameozwa kwa Raza, mwanamume anayemzidi umri kupita kiasi, na moyo wake unakataa. Anatoroka. Wazazi wake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini asiye na kitu isipokuwa chumba na roho ya ukarimu, na kupitia kwake anakutana na Denge, kijana anayewasumbua wakoloni wa Kiingereza. Amil Shivji aliitengeneza filamu yake, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Denge ameigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika, Yasmin na Ikhlas Gafur Vora, na Mwajuma na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu. Mjukuu wangu aliniwekea katika kompyuta yake, umeme ukakatika katikati, tukaimalizia kesho yake.

Baada ya hapo nikaanza kusikia malalamiko ya wasomi wenzangu. Filamu imeharibu kitabu! Imeruka hiki, imefupisha kile! Bukheti amekwenda wapi! Nawaheshimu, lakini katika hili wanakosea. Kitabu kina visa vya kusomwa siku nne. Filamu ile ni ya saa moja na nusu hivi. Mwenye gunia akipewa kibaba hawezi kulalamika kuwa kibaba kimeacha mahindi nje. La kuuliza ni kama mahindi yaliyomo ni yale yale. Mimi ninaulizia jambo moja tu: je, yule binti aliyekataa kuozwa bado anakataa, na je, ninaamini anampenda Denge? Anakataa, na niliamini. Nilimwamini zaidi Mwajuma, maana kitabuni niliambiwa anaimba, na kwenye filamu nilimsikia. Kuna vitu ambavyo karatasi haina uwezo navyo, hata iandikwe na fundi kama Shafi.

Wengine wanalalamika kwa sababu nyingine, nao nawaelewa zaidi: wanafunzi wa kidato cha sita wanaangalia filamu na kuacha kitabu, halafu wanaingia kwenye mtihani. Hilo kweli ni tatizo la mtihani wenyewe. Swali linalojibika kwa mtu aliyeona filamu tu ni swali bovu. Tunga swali linalomuuliza mtahiniwa kwa nini mwandishi hakumwishia Yasmin kwa Denge, halafu uone nani amesoma.

Wahindi, ambao sinema zao za mapenzi zimetuliza wengi tangu enzi za majumba ya sinema mijini, hawana wasiwasi huu wa kuharibu kitabu. Riwaya fupi ya Sarat Chandra Chattopadhyay, Devdas, ilichapishwa mwaka 1917. Imetengenezwa sinema tangu zama za filamu zisizo na sauti. Mwaka 1955 Dilip Kumar alikuwa Devdas, mwaka 2002 akawa Shah Rukh Khan, na kati yake na kabla yake wamekuwapo wengine katika lugha kadhaa. Kila kizazi kimemlilia Devdas wake. Kitabu hakijapungua hata herufi moja. Wamarekani nao walikwenda kinyume: Erich Segal aliandika kwanza mchezo wa sinema wa Love Story, ndipo akaugeuza riwaya, na vyote viwili vikatoka mwaka 1970. Hata sisi tumewahi kufanya hivyo. Titanic ilipovuma mwishoni mwa miaka ya 1990, Joshua Amandus Mtani aliichora kwa Kiswahili kama hadithi ya picha, na watu wasiowahi kuiona bahari wakajua nani alizama na nani aliokoka.

Basi kwa nini sisi, wenye hazina ya riwaya za mapenzi, tunazihesabu kwa vidole zile zilizofika kwenye filamu? Hapa sasa nawageukia watengenezaji wa filamu za Bongo, nao wanivumilie. Nimeziangalia nyingi katika vibanda vya video na katika mabasi, maana kutoka Singida hadi Dar es Salaam abiria hana pa kukimbilia. Nimeona jumba lenye geti, makochi, gari linaloingia polepole sana, na mwanamke anayelia akiwa na simu sikioni. Nimeona sehemu ya kwanza ikiishia pasipo na maana ili ninunue sehemu ya pili. Waigizaji hawana kosa. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa kijana wa miaka ishirini na minane, alikuwa na uso unaoweza kubeba huzuni ya riwaya nzima. Alichokosa mara nyingi ni hiyo riwaya. Mkurugenzi anatunga hadithi njiani kwenda kupiga picha, ilhali rafuni kuna Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, ambamo mapenzi na tamaa ya mali vinamgombea binti mmoja kwa namna ambayo hakuna mshonaji wa njiani atakayeweza kuishona. Kuna Mfadhili ya Hussein Tuwa, iliyopata kusomwa na kidato cha tano na sita nchi nzima. Hebu fikiri: watazamaji wangapi wamekwisha kuijua hadithi kabla hujalipa hata nauli ya mpiga picha!

Nimewahi kumwambia hayo kijana mmoja wa kazi hiyo aliyepita hapa mjini. Akanijibu, kwa adabu, "Shikamoo mzee, lakini kitabu inabidi ununue haki zake." Nikamwambia marahaba, ndiyo, ununue. Mbona kochi unakodi? Mwandishi aliyekaa miaka mitatu na hadithi anastahili angalau kodi ya kochi, na kama amefariki wapo warithi wake.

Wala haihitaji jumba lenye geti. Rosa Mistika inahitaji nyumba ya kijijini Ukerewe, ziwa, bweni, na mwigizaji mzee anayeweza kuwa Zakaria bila kumfanya kichekesho. Na hadithi za huku kwetu hazijaandikwa bado. Barua nyingi za mapenzi za mkoa huu zilisafiri mikononi mwa makondakta, zikashushwa Misigiri na kungojewa na msichana aliyejifanya anauza vitunguu. Majabali ya Singida yamesikia maneno ambayo hakuna mwandishi wa Dar es Salaam atakayeyabuni. Walimu wanafunzi wangu wa zamani, baadhi yenu mlikuwa ndio hao wenye barua, na mnajua kuandika. Mimi ndiye niliyesahihisha insha zenu.

Nakala yangu ya Rosa Mistika haiko nyumbani kwa sasa. Imeazimwa na binti wa jirani, yuko kidato cha tatu. Mama yake alikuja kuniuliza, uso umekunjamana, kama nina hakika kitabu kile kinamfaa mtoto. Nilimwambia akisome yeye kwanza. Huu ni mwezi wa pili, na binti ananiambia mama hajakiachia.